Goma: ndege wanapita, sisi tupite wapi?

Tulikuwa watu 14 na darubini moja ya kupokezana. Mpango wa Jumapili hiyo ulikuwa mwepesi: kutembea kwa miguu kando ya Ziwa Kivu, toka Himbi hadi ng'ambo ya Kituku, kuangalia ndege na mawe ya volkano. Saa mbili asubuhi tulikuwa njiani. Saa tatu tulikuwa bado hatujaona maji.

Ziwa halikuwa mbali. Lilikuwa nyuma ya ukuta: wa hoteli, wa nyumba ya mkubwa fulani, wa kiwanja ambacho hata hakijajengwa. Kwenye lango moja mlinzi alituuliza kama tumekuja kula ao kunywa. Kusikia tunatafuta ndege, alicheka, akafunga. Simlaumu, anatafuta mkate wake.

Kuta zenyewe ni za mawe ya lava. Mwamba huo ndio uliotujengea mji, na ndio uliotuangamiza tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokata katikati ya Goma hadi kuingia ziwani. Leo tunaukata vipande kujifungia ziwa.

Baada ya Kituku nafasi ilifunguka. Mwamba mweusi unashuka majini, mahali pengine umejikunja kama kamba, mahali pengine una matundu na ncha zinazokula viatu. Juu yake walisimama ndege weusi wenye shingo ndefu, mabawa wameyatanua yakauke. Na yule mdogo wa madoa meusi na meupe alikuwepo: anasimama angani akipiga mabawa, kisha anajitupa kichwa chini na kutoka na samaki. Msichana mmoja, mzaliwa wa Katindo, alisema ni mara yake ya kwanza kumwona. Amekua kwenye mji wa ziwa!

Najua kuna atakayesema: watu hawana maji wala usalama, na wewe unatuletea habari za ndege. Lakini kila tulipopata njia ya kufikia ndege, tulikuta mama na watoto wenye mabidoni. Bomba zikikauka, mji unakunywa ziwa. Kila njia inayofungwa inamrefushia mama safari ya bidoni ya lita 20 mgongoni, na inasukuma watu wengi zaidi kwenye kona ileile wanakofulia nguo na kuosha pikipiki. Halafu tunashangaa kipindupindu kinarudi.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi moja kwa moja. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Basi anayetoa haki hiyo anaweza kuandika kwenye karatasi: acha njia. Siombi nyumba ya mtu ivunjwe. Naomba kila barabara inayoteremka ziwani iishie kwenye maji, hata kama ni mita mbili za upana, isiishie kwenye lango la chuma. Na zile ambazo zilikuwa njia zamani, wazee wa kila mtaa wanazijua; waulizwe.

Wakati wa kurudi tulipita kichochoro kati ya kuta mbili. Kijana alikuwa amefunga kamba, anadai faranga 200 kwa kila kichwa, bidoni ao bila bidoni. Tulilipa.