Unayekimbia marathoni, jifunze pia kusimama

Ukipita barabara za Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi utakutana na vikundi vya jogging, fulana zimefanana, nyimbo zinaitikiwa. Mimi hufurahi ninapowaona. Shinikizo la damu na kisukari vinatusumbua, na mazoezi ni kinga isiyouzwa duka la dawa. Lakini nina neno na wewe uliyejiandikisha kukimbia kilomita 42 wakati zimebaki wiki tatu, na hujawahi kuvuka kilomita 10.

Msomaji mmoja wa namna hiyo aliniuliza afanyeje. Wenzake wamemwambia akaze tu, Mtanzania haishii njiani. Wakamtajia John Stephen Akhwari.

Habari ya Akhwari tunaijua. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka, akaumia goti na bega, lakini aliendelea hadi akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza.

Ni fahari yetu, ila tunaisimulia nusu. Siku ile walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Waliosimama njiani ni 18, akiwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki mwaka 1960 na 1964, aliyejiondoa mapema kwa sababu ya mguu. Nani leo anamwita Bikila mwoga? Na Akhwari hakuwa mtu aliyeamka asubuhi akavaa raba. Miaka miwili baadaye alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa saa 2 na dakika 15. Moyo ule ulikuwa na mazoezi ya miaka nyuma yake.

Kwa maoni yangu, ndugu msomaji, afya unayoitafuta kwenye marathoni haimo katika siku ya mbio. Imo katika miezi inayotangulia. Siku yenyewe ni mzigo mzito kwa mwili, na asiyejiandaa anaupata mzigo bila faida.

Mtu ambaye tayari anakimbia kidogo kidogo anahitaji wiki 16 hadi 20. Akimbie siku tatu au nne kwa wiki, nyingi kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Siku moja iwe ya mbio ndefu, iongezwe polepole hadi ifike kilomita 30 hivi, kisha apunguze wiki mbili au tatu za mwisho. Usidanganywe na pumzi. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana wengi huumia pale wanapoanza kujiona wako vizuri.

Kabla ya kuanza, pima shinikizo la damu na sukari. Kama hupata maumivu ya kifua ukijitahidi, umewahi kuzimia ukifanya mazoezi, au kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, muone daktari kwanza.

Kuhusu maji, joto la Pwani hutufanya tuogope kiu, nasi tunakunywa kila tunapopewa. Kupungukiwa maji ni hatari, lakini kuzidisha nako kunaweza kuua. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu chini ya kiwango cha kawaida. Walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa kuliko walichopoteza, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kunywa kwa kufuata kiu yako.

Usimeze diclofenac au ibuprofen asubuhi ya mbio ili maumivu yasikupate. Dawa hizo, zikikutana na joto na upungufu wa maji, zinaweza kuumiza figo. Tena maumivu ni taarifa, na ukiyazima hutajua mwili unasema nini.

Simama mara moja ukibanwa na kifua, ukiona kizunguzungu, ukisikia baridi katikati ya jua, au ukianza kuchanganyikiwa. Ukimwona mwenzako anapepesuka na kuongea yasiyoeleweka, usimsukume amalizie. Mpeleke kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee, na uite watoa huduma. Mtu aliyezidiwa na joto anatakiwa kupozwa hapo hapo.

Yule msomaji nilimshauri aombe kuhamishiwa kilomita 10, kisha aanze kujenga miezi yake kwa ajili ya mwakani. Alinyamaza kidogo, akasema ameshawatangazia watu kazini kwamba anakimbia 42. Hapo ndipo wengi tunaponaswa, tunakimbilia maneno tuliyokwisha kuyatoa. Watu wa kazini watacheka siku moja, kisha watasahau. Goti, figo na moyo utabaki navyo wewe.

Kimbia, tena kimbia kwa miaka mingi. Ila ukifika mwanzo wa mbio na mazoezi hayajatosha, chagua umbali unaouweza.