Staa wetu, hiyo 51 umeipimia wapi?

Wikiendi hii insta yote ilikuwa baiskeli. Kuna staa wetu mmoja, simtaji maana mashabiki wake wakali, kapost saa yake janja: pumzi imetoka 38 mpaka 51 ndani ya wiki nne za kupiga pedeli. Hongera. Shida iko chini ya picha: programu yake ya mazoezi, elfu 60, tuma namba hii. Mdogo wangu katuma. Hela ya kodi hiyo! Ndo maana leo nina hasira.

Hiyo namba inaitwa VO2 max. Ni mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito wako. Yenyewe hasa inapimwa maabara. Unavalishwa barakoa, unapanda baiskeli isiyosogea, wanaifanya pedeli iwe nzito kidogo kidogo mpaka miguu igome, na mashine inapima hewa unayovuta na unayotoa. Saa haina barakoa jamani. Inakisia tu kwa kuangalia mapigo ya moyo na kazi uliyofanya. Ukiidanganya uzito wako, nayo inakudanganya. Na ile spidi ya kwenye video tusipigane kamba, gari la kameramani liko mbele linamkinga upepo.

Halafu cheki hesabu. Mwenyewe alitupostia mizani, kilo 90 mpaka 82. Mtu wa kilo 90 mwenye 38 anatumia mililita 3,420 kwa dakika. Gawanya hizohizo kwa 82, unapata karibu 42. Yaani namba imepanda na moyo haujaongeza kitu, ni kitambi tu kimepungua (sio vibaya, ila sema ukweli). Mtu aliyekuwa hafanyi mazoezi, akiendesha kwa mpangilio miezi miwili mitatu, kupanda asilimia 10 mpaka 20 ni kawaida. Huyu anatuambia 34 kwa mwezi. Mh!

Na hata namba ikiwa ya kweli haikupi ubingwa. Yule dogo wa Norway, Oskar Svendsen, mwaka 2012 iliripotiwa kapimwa 97.5, watu wakachanganyikiwa. Mwaka huohuo akabeba ubingwa wa dunia wa vijana, mbio za kukimbizana na saa. 2014 akaachana na baiskeli.

Mimi sina hela ya maabara. Nina kamkanda ka kifuani ka kusoma mapigo na mlima mmoja Pugu. Kila baada ya wiki mbili naupanda alfajiri kabla ya jua, maana joto la Dar linapandisha mapigo hata kama hujachoka. Baiskeli ileile, upepo wa matairi uleule, mapigo nayashikilia kwenye 150, naangalia dakika. Nilianza na 11. Wiki ya kumi nikatumia tisa na nusu. Nikiamka, kabla sijatoka kitandani, nahesabu tena mapigo: yalikuwa 72, sasa 61. Sijalipa mtu hata mia.

Mdogo wangu wiki ya tatu saa yake ikasoma imeshuka, akajiona bwege, baiskeli kaiegesha uani. Nilipomuuliza, kumbe alikuwa na mafua.

Staa, kama unasoma hapa, mrudishie dogo elfu 60 yake. Wengine mliotuma, semeni kwenye komenti tujue tuko wangapi.