Tuacheni Milango, Tuandike Kompresa

Nimechoka na milango. Kila anayeandika kuhusu Mji wa Kale lazima aanze na mlango wa nakshi, kisha kahawa tungu, harufu ya udi, bibi mmoja dirishani na paka wawili. Basi, insha imekwisha, tunapigiana makofi. Na mimi simo nje ya lawama. Nimewahi kulipwa kwa insha ya namna hiyo, na pesa nilikula.

Hebu tugeuze shingo kidogo. Huku Kibokoni kuna chumba kisicho na nakshi yoyote. Ndani mna friji saba zimelazwa ubavu, mtungi wa gesi, geji mbili, na mzee wa miaka sitini na kitu ambaye sote twamwita Ami. Hakuna mtalii aliyewahi kumpiga picha. Nami nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: mle ndani nimejifunza habari za kompyuta ambazo miaka miwili ya chuo haikunifunza.

Najua mshacheka. Kompyuta kwa fundi wa friji? Ngojeni.

Prosesa ni jiko. Kila hesabu inayopiga huacha joto. Ukitaka ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani, waiongezea umeme, na hapo joto hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Ndiyo maana wenye wazimu wa kusukuma prosesa huacha feni, huacha maji, huishia kwenye friji. Si kuitia kompyuta ndani ya friji, la. Ni kuipasua friji na kuleta baridi yake moja kwa moja juu ya prosesa. Mwaka 2000 kampuni ya KryoTech ya Marekani ilikuwa ikiuza kompyuta zenye kompresa ndani, prosesa ya AMD Athlon ikafika gigahetsi 1. Asetek ya Denmark nayo ikatoa mashine yake, VapoChill. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni.

Na siri yake waijua tayari. Muuguzi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, wasikia baridi, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi yako. Mtungi wa maji wa nyanyako wafanya kazi hiyohiyo. Friji imeongeza hila moja tu: mvuke ule haupotei. Kompresa huukandamiza, kondensa huutoa joto ukarudi kuwa maji, kisha hupitishwa kwenye bomba jembamba mno, kapilari, ukaingia mahali pa baridi na kuchemka upya. Gesi ya R134a, ile ya friji nyingi za nyumbani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Badala ya kuchemkia nyuma ya nyama na maziwa, sisi tuliichemshia ndani ya kipande cha shaba kilichokaa juu ya prosesa.

"Sisi" ni mimi na Ami. Prosesa ilikuwa Intel Core i5-2500K ya mwaka 2011, mtumba, gigahetsi 3.3. Kompresa tuliitoa kwenye friji la soda lililokufa. Maelekezo nilikuwa nayo kwenye simu, yameandikwa na watu wa nchi za baridi, hatua kwa hatua, na vipimo vyote. Nikamsomea Ami kama mtu anayesoma hati.

Akauliza swali moja: "Hao chumba chao kina joto gani?"

Nyuzi 20, nikamwambia.

"Na hewa yao kavu?"

Kavu.

"Basi hiyo ni friji yao. Yetu bado."

Sikumsikiliza. Nikazungushia foronya ile nyeusi ya mabomba ya eisi, safu moja, kama maelekezo yalivyosema. Ilikuwa Machi, kaskazi inamalizikia, hewa nzito hata shati halikauki. Ukiweka glasi ya maji baridi mezani msimu huo, dakika moja imeshatoka jasho. Sasa piga picha kipande cha shaba chenye baridi ya barafu. Saa ya kwanza mashine ilipiga kazi vizuri. Ya pili ikazima. Tulipofungua, maji yalikuwa yamejaa chini ya prosesa, na mazabodi, ule ubao unaobeba kila kitu, umekufa. Akiba yangu ya miezi minne.

"Maji hayakutoka juu, mwanangu," Ami akasema. "Yametoka hewani. Wewe umezuia baridi isitoke. Hukuzuia hewa isiingie."

Sentensi hiyo sikuiona popote kwenye yale maelekezo. Walioyaandika hawakuwa na haja nayo.

Mara ya pili tulifuata yake. Alirefusha kapilari na kuweka kondensa kubwa yenye feni, manake hapa petu kondensa yenyewe yapumua hewa ya nyuzi 32. Akajaza vaselini kila tundu kwenye mazabodi mpya. Foronya akaiweka safu tatu, kila mshono juu ya usiokuwa mshono, na gundi mpaka pembeni. Kisha akachomoa kwenye lile friji la soda waya mwembamba wa hita unaozunguka mlango, ule unaozuia kioo kutoka jasho, akaulaza nyuma ya ubao. Baadaye nikaja kusoma kwamba huko Ulaya nao huweka hita mahali hapohapo. Ami hajasoma. Amekaa miaka thelathini akipigana na jasho la milango ya friji kwenye kisiwa.

Gesi aliitia kwa kushika bomba linalorudi kwenye kompresa, akifuata kwa vidole mpaka wa barafu unavyosogea. "Barafu ikifika kwenye kompresa umezidisha, utaiua." Geji ilikuwepo. Aliitazama mwisho, kama mtu anayehakikisha tu.

Tulifika gigahetsi 5.1. Dakika arubaini, kisha tukazima, maana tokeni za stima si za kuchezea.

Sasa njooni na maneno yenu. La kwanza: mchezo wa kitoto huo, una faida gani? Ni mchezo, kweli. Yanguruma, yala umeme, na hakuna mwenye akili atakayeiwasha kutwa. Lakini nyaya za intaneti za chini ya bahari zaingilia hapahapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu mwaka 2009. Zinapotua nyaya, hufuata majumba ya seva, na seva ni prosesa kwa maelfu, usiku na mchana, kwenye hewa hiihii ya chumvi na jasho. Nani atazipoza? Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za aina ya R134a, ambayo huipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi, kilo kwa kilo. Mapatano hayo yametiwa saini na wenye tai. Lakini gesi ikiwa itaachwa ipae angani au itakusanywa mtungini, mkono wa fundi wa vichochoroni ndio utakaoamua.

La pili: kuna mitihani ya NITA, fundi akitaka cheti akafanye. Sawa, na wafanye. Lakini mtihani humpima fundi kwa yale yaliyokwisha kuandikwa. Yale aliyoyagundua yeye hakuna anayemuuliza.

La tatu, na hili mtalisema kwa sababu niliacha chuo: ati nawachukia wasomi. Sikuacha kwa ushujaa. Karo ilinishinda. Tulikuwa na kompresa moja, imekatwa katikati tuone ndani, imefungiwa kwenye kabati la kioo. Tuliitazama. Lakini michoro ya shinikizo na joto niliyofunzwa ndiyo iliyonisaidia kuelewa Ami anafanya nini, na nilipomwonyesha mchoro wa R134a aliukodolea macho kitambo kisha akaniambia nimwachie ile karatasi. Iko ukutani mpaka leo. Elimu hizi mbili zinatafutana. Anayezitenga ni sisi, tunaomwita kijana mwenye programu ya simu mbunifu, na mwenye kompresa jua kali.

Na muda hatuna. Mwanafunzi wa mwisho wa Ami yuko Doha, atengeneza eisi za watu wengine. Macho ya mzee yaanza kumpiga chenga, bomba la kapilari alitafuta kwa kidole. Alichonacho hakimo kwenye kitabu chochote cha Kiswahili nilichowahi kukiona, na sisi wenye kuandika tuko nje tukihesabu nakshi za mlango wake.

Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza una gesi, urefu wa kapilari, safu za foronya, mwezi, upepo gani ulikuwa ukivuma, na kilichoharibika. Jumamosi naenda tena baada ya alasiri. Anayetaka kuja aje na kalamu. Kamera aiache nyumbani.