Wakaliga, Nateete: Mtaa unaozuriwa kwa sababu ya filamu

Mgeni anayeshuka Nateete, kwenye barabara ya Masaka magharibi mwa Kampala, haoni mnara wala jumba la kupigia picha. Anakuta soko, teksi zinazogombea abiria, bodaboda na vumbi. Mvua ikinyesha, anakuta tope. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi sasa wageni kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko wamekuwa wakifika hapo na kuulizia mtaa wa jirani uitwao Wakaliga, kwa sababu moja tu: waliuona katika filamu.

Desturi ya kuzuru mahali palipoonekana kwenye filamu ni ya zamani, lakini filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zimeikuza mno. Mashabiki wa Batman huenda Chicago kuitafuta barabara ya LaSalle, ambayo katika filamu ya The Dark Knight ya mwaka 2008 iligeuzwa kuwa sehemu ya Gotham, mji wa kubuni. Sydney nayo ilivishwa sura ya Metropolis, mji wa Superman, katika Superman Returns ya mwaka 2006. Kisha mwaka 2019, filamu ya Joker ilipotoka (huyo, kwa haki, ni adui wa shujaa), ngazi za kawaida kabisa katika eneo la Bronx, New York, zilifurika watu waliokuja kuigiza ngoma ya mhusika huyo. Wakazi waliozoea kuzipanda wakirudi nyumbani na mizigo yao walilalamika kwamba hawapati hata pa kupita.

Katika mifano yote hiyo, mji hucheza nafasi ya mji mwingine. Kampuni ya filamu huondoka na mapato ya tiketi, na mkazi huachiwa msongamano.

Uganda inaujua upande huo wa mambo. Baadhi ya picha zilizopigwa kutoka angani kwa ajili ya Black Panther, filamu ya mwaka 2018, zilichukuliwa katika msitu wa Bwindi na milima ya Rwenzori. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake wanatoka Uganda. Lakini Wakanda yenyewe kwa sehemu kubwa ilijengwa studioni mjini Atlanta, na anayekwenda Bwindi bado anakwenda kuwaona gorila. Misitu na milima ya Uganda ilionekana duniani kote, ila kwa jina la nchi isiyokuwapo.

Wakaliga ni kisa cha namna nyingine. Hapo ndipo Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili kupata riziki, alipoanzisha mwaka 2005 kampuni ya Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Dunia inaifahamu zaidi kwa jina la Wakaliwood. Kompyuta za kuhariri filamu aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Bunduki za rashasha zilichomelewa kutokana na vyuma chakavu, na kwa ufundi huohuo ikaundwa helikopta ambayo haijapata kuruka.

Filamu iliyoupa mtaa huo jina ni Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010. Humo kundi la majambazi linaishambulia Kampala, na majengo marefu ya katikati ya mji yanalipuka moja baada ya jingine, yakiwa yamelipuliwa kwenye kompyuta hizo za vipuri. Kapteni Alex hapai angani wala hana vazi la ajabu. Ni askari wa Uganda, na anauawa mapema, wala mtazamaji haambiwi hadi mwisho ni nani aliyemuua. Dondoo fupi ya filamu hiyo iliwekwa kwenye mtandao wa YouTube, ikatazamwa na mamilioni. Mmoja wa walioiona, Alan Hofmanis wa New York, alifunga safari mwishoni mwa 2011 kumtafuta aliyeitengeneza, na baadaye akahamia hapo na kufanya kazi naye. Baada ya hapo njia ilifunguka: filamu ya Crazy World ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 kikundi cha Wakaliga kikashiriki maonesho makubwa ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani.

Msikilizaji wa Kiswahili atatambua haraka jambo moja ambalo mgeni wa Ulaya huliona kuwa kioja. Juu ya filamu hizo husikika sauti ya mtu anayeeleza, anayetania na kumshangilia shujaa: huyo ni VJ Emmie. Kazi hiyo imetoka katika vibanda vya video vya Uganda, ambako filamu za kigeni husimuliwa kwa Kiluganda papo hapo. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, waliofanya vivyo hivyo kwa Kiswahili. Kuiita kazi yao tafsiri ni kuipunja. Mfasiri hujificha nyuma ya maneno ya mwingine, ilhali VJ huingia ndani ya filamu na kuketi.

Na mgeni naye huingizwa ndani. Anayefika Wakaliga aghalabu hupewa nafasi katika filamu inayoendelea kupigwa, na nafasi yenyewe kwa kawaida ni ya kufa. Hupigwa risasi za vyuma chakavu, damu ya rangi ikamtiririka, kisha akainuka na kupiga picha na waliomuua. Tofauti na ngazi za Bronx iko hapo: mwenyeji ndiye anayeongoza, na mtalii hutii maelekezo yake kama mwigizaji mwingine yeyote.

Lakini ua huo unaozuriwa ni makazi ya familia. Nguo zimeanikwa, watoto wanacheza, na majirani hawakuomba umaarufu. Tena sifa ya filamu ya dola 200, inayorudiwa kila mahali, ina sumu yake. Ni rahisi kwa mtu wa mbali kuufanya umaskini kuwa sehemu ya kichekesho, akasahau kwamba bajeti ikiwa ndogo hivyo, waigizaji hawana mshahara. Kwa muda mrefu walipata chochote kwa kutembeza DVD mlango kwa mlango, wakishindana na wanaodurufu kazi hiyo bila idhini. Kutazamwa bure mara milioni kadhaa mtandaoni hakumlishi mtu Nateete.

Serikali haijakosa kabisa kuiona tasnia hii. Tume ya Mawasiliano ya Uganda imekuwa ikiandaa tamasha la filamu tangu 2013. Hata hivyo utalii wa nchi hunadiwa kwa gorila, chanzo cha Nile na mashahidi wa imani. Nateete yenyewe ina historia hiyo karibu: ni hapo jirani, Busega, vijana watatu Wakristo walipouawa tarehe 31 Januari 1885, na mahali pao panatunzwa hadi leo. Wakaliga hakuna lango wala tiketi. Pengine ni heri, kwa sababu lango huleta mlinzi na mtoza ushuru kabla ya kuleta maji na mifereji. Ila hakuna pia chumba cha kuhifadhia kumbukumbu chenye hadhi ya kazi iliyofanyika hapo.

Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Nabwana alipokwisha kuitoa Captain Alex, aliifuta nakala ya asili kutoka kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyosalia, na ambayo wageni huvuka bahari kwa ajili yake, ni ile yenye picha hafifu na sauti ya VJ Emmie juu yake.