Kujua muhtasari si kusoma kitabu

Wiki iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Bukavu, alikuwa anarudilia masomo yake kwa sauti. "L'Avare. Mwandishi: Molière. Mwaka: 1668. Aina: tamthilia ya kuchekesha. Mhusika mkuu: Harpagon. Dhamira: ubahili." Akimaliza anaanza tena, kama mtu anayesali. Nikamuuliza: "Na wewe, huyu Harpagon unamuona namna gani?" Akaniangalia kwa mshangao. "Mjomba, hiyo mwalimu hakutupatia."

Kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Ana fotokopi ya kurasa mbili tu, na kwa fotokopi hiyo atapata pointi zake. Lakini mimi nasema hajasoma kitu, na kosa si lake.

Tuangalie alichokosa. Harpagon anataka kumuoza binti yake kwa mzee, kwa sababu mzee huyo amekubali kumchukua bila mahari. Mwanafunzi wa Bukavu akisikia hivyo lazima ashtuke: baba gani anafurahia kukosa mahari? Hapo mwalimu ana nafasi ya kueleza kwamba katika Ufaransa ya wakati ule ni upande wa msichana uliokuwa unatoa mahari, wakati kwetu ni upande wa kijana. Mila zimepinduka, lakini swali linabaki lile lile: binti aliulizwa? Mjadala wa namna hiyo ungejaza saa nzima ya somo, na hakuna mwanafunzi angelala. Kila mmoja ana dada, shangazi au jirani wa kumtolea mfano.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Mwaka 1890 baharia mmoja mwenye asili ya Poland, Joseph Conrad, alipanda mto wetu kwa meli hadi maporomoko ya Stanley, pale Kisangani. Mwaka 1899 akatoa hadithi yake, Heart of Darkness, ambayo inasomwa mpaka leo katika vyuo vikuu vingi vya dunia. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola aliichukua hadithi hiyo akaipeleka kwenye vita vya Vietnam, katika filamu ya Apocalypse Now. Basi wanafunzi wa Marekani na Uingereza wanabishana juu ya mto Kongo, na mtoto wa Kisangani anayeuvuka kila siku anaweza kumaliza sekondari bila kusikia jina la kitabu hicho.

Na kuna mengi ya kubishania. Conrad alionyesha ukatili wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu, hilo tumpe. Lakini watu wa mto katika kitabu chake karibu hawasemi, na hawana majina. Chinua Achebe wa Nigeria alilisema hilo waziwazi mwaka 1975 katika hotuba yake kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, akimshutumu Conrad kwa ubaguzi wa rangi. Wengine walimjibu kwamba Conrad alikuwa anaukosoa ukoloni. Nani ana haki? Mimi ningependa kusikia jibu la wanafunzi wetu. Wapewe kazi ndogo: andika tukio lile la meli kupita, lakini wewe umesimama ukingoni na unaitazama. Unaona nini? Unamwambia nini ndugu yako?

Hata Lumumba tunasimuliwa na wengine. Aimé Césaire wa Martinique alimwandikia tamthilia, Une saison au Congo, mwaka 1966. Raoul Peck wa Haiti, aliyeishi Kinshasa utotoni, akamtengenezea filamu mwaka 2000. Siwalaumu, nawashukuru. Lakini mwanafunzi akiweka kazi hizo mbili pamoja ataona kwamba kila msanii amechagua: nini aonyeshe, nini aache, nani apewe maneno ya mwisho. Ataelewa kuwa hata habari anayoletewa leo kuna mtu aliyeichagua.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la shule tu. Katika mikoa yetu ya mashariki, sauti moja ya WhatsApp isiyo na jina inaweza kufunga soko kabla ya saa sita na kumfanya jirani amuogope jirani. Kijana aliyezoea kuuliza nani anasema, nani amenyamazishwa, na nani anafaidika, hatatuma ujumbe ule haraka. Aliyefundishwa kukariri tu atautuma kama alivyoupokea.

Najua walimu watanijibu. Darasa limejaa, mshahara unachelewa, vitabu hakuna, na mtihani wa Serikali unauliza maswali ya kuchagua jibu. Ni kweli. Dieudo Hamadi alituonyesha hayo katika filamu yake Examen d'État ya mwaka 2014: vijana wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa kukosa pesa, wanajikusanya katika nyumba moja kujitayarisha, na mwishowe wengi wanategemea maombi na majibu ya kununua. Mtihani unapokuwa mlango wa pekee, watu hutafuta ufunguo popote.

Lakini kuna yanayowezekana hata leo. Kitabu kimoja kwa mwaka, kizima, kinachosomwa kwa sauti darasani: nakala moja inatosha. Filamu moja kwa muhula, kwa kompyuta ya kuazima na ukuta mweupe, kisha mjadala. Na wizara, ambayo tayari inadai insha katika mtihani wa Serikali, iongeze ndani yake swali moja kuhusu mhusika wa kitabu: alitenda vema au vibaya, na kwa nini? Walimu hufundisha kile kinachoulizwa. Siku swali hilo litakapoingia, fotokopi ya kurasa mbili haitatosha tena.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi nyumbani, tusimuulize tu amepata ngapi. Tumuulize nani katika hadithi ile amemkasirisha.

Mimi nilianza kwa mpwa wangu. Nilimsimulia habari ya sanduku la pesa ambalo Harpagon alilifukia bustanini, likaibwa. Juzi akanifuata jikoni: "Mjomba, lile sanduku alilipata?" Sikumjibu. Nilienda kumtafutia kitabu.