Asiransi inasema gari imekufa, fundi anasema itapona

Tuchukue mfano. Gari ya taksi inagongwa ku barabara ya Beni–Butembo. Kapo imekunjika, radiateri imepasuka, lakini motere ingali inawaka. Fundi wa garaji anaandika devi ya dola 1800. Kiisha wiki moja, eksperi wa asiransi anasema: gari imekufa, haifai kutengenezwa, mwenyewe atalipwa dola 2500. Mwenye gari anashangaa: namna gani wanazika mugonjwa mwenye angali anapumua?

Jibu liko mu hesabu mbili. Ya kwanza ni bei ya gari mbele ya ajali. Ya pili ni bei ya kuitengeneza. Kama matengenezo yanapita bei ya gari, kampuni inaona ni heri kulipa gari nzima. Mu mfano wetu, eksperi alihesabu vipuri vipya na kazi ya garaji kubwa, akapata dola 3100. Fundi wa Butembo yeye alihesabu vipuri vya okazyo vyenye kupitia Kasindi. Wote wawili wameona gari moja, lakini hawakuingia duka moja.

Bei ya gari nayo inaleta matata. Eksperi anapunguza kila mwaka gari imetembea. Lakini ku soko, gari ya okazyo ya Japani imebeba bei ya meli, ya safari kutoka Mombasa, na ya duane. Mwenye kupokea dola 2500 anaweza kukuta gari sawa na yake inauzwa 4000. Hapo familia inabaki bila gari, bila versema ya kila siku, na minerval ya watoto inangojea.

Hata hivyo, kampuni haikosei kila mara. Kama shasi imepinda, ao usukani na freni vimeharibika, gari inaweza kungaa inje na kuua watu kesho. Fundi wa kweli atasema hivyo yeye mwenyewe.

Basi mwenye gari afanye nini? Kwanza, asisaini haraka karatasi ya kumaliza mambo. Aombe raporo ya eksperi, aangalie hesabu zote mbili. Alete devi za garaji mbili ao tatu, picha, na bei za magari sawa zenye kuuzwa mu muji. Aangalie kama kontra inaruhusu eksperi wa pili, na nani atamulipa.

Pili, aulize habari ya mabaki. Kama kampuni inachukua gari, inaweza kuiuzia mutu mwengine, naye aitengeneze na kuirudisha ku barabara. Kama mwenyewe anaibakisha, wanakata bei ya mabaki. Tuseme ni dola 700: anapokea 1800, ni kusema hesabu kamili ya fundi wake.

Tatu, ajue anadai nani. Asiransi ya lazima inalipa hasara ya wengine. Haitengeneze gari ya mwenye kuilipa. Lakini kama kosa ni la dereva mwengine, kifungu cha 258 cha Kode sivile, kitabu cha tatu, kinasema mwenye kuleta hasara kwa kosa lake ni lazima airekebishe. Hapo prosè-verbal ya polisi ina uzito sana.

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza siku za SONAS kuwa peke yake mu inchi, na ikaweka ARCA kusimamia kampuni za asiransi. Kama kampuni inakataa kueleza hesabu zake, malalamiko ya maandishi yanaweza kufika kule. Lakini kazi kubwa inafanyika mbele ya ajali: siku ya kununua asiransi, mutu aulize gari yake imeandikwa kwa bei gani, na nani atapanga bei siku itagongwa.