Mandari Si ya Wageni Peke Yao

Kila ifikapo Desemba, mabasi na gari la moshi hushuka Mombasa yamejaa watu wa bara. Hutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret pamoja na watoto wao, wakaja kuoga baharini, wakala samaki, wakapiga picha Ngomeni, kisha baada ya siku tatu nne wakarejea makwao wamenawiri. Sisi huwapokea vizuri, tukawauzia madafu na viazi vya karai, na kimoyomoyo tukawacheka namna wanavyoyaogopa mawimbi. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyepata kupanda bara kwa sababu hiyo hiyo, yaani kupumzika tu?

Swali hili twaliuliza kwa kuwa jibu lake lahuzunisha. Mtu wa pwani husafiri sana, lakini karibu safari zake zote ni za wajibu. Huenda arusini, huenda matangani, huenda Lamu kwa Maulidi, huenda Nairobi kumpeleka mgonjwa. Arudipo huwa amechoka kuliko alivyoondoka. Ukimwambia awachukue watu wa nyumbani kwake wakakae siku mbili mahali penye miti na hewa ya baridi, atakujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Jibu hilo si la kweli. Hoteli za ufuoni hazijajengwa, wazee wetu walikuwa na desturi hiyo na jina lake, nalo ni mandari. Watu wa mji walifunga mikeka, vyungu na mchele, wakaenda shamba kwa siku moja au zaidi. Watoto walipanda miembe hadi jioni. Akina mama, ambao mjini walishinda ndani ya kuta, huko walipunga upepo, wakaimba, wakacheka kwa sauti bila ya kuulizwa na mtu. Wala dini haikuwazuia. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba hata mwili una haki yake juu ya mwenyewe. Msafiri naye amepewa ruhusa ya kuzipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kwa madhehebu yetu ya Shafi, anayekusudia kukaa chini ya siku nne, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, huendelea na ruhusa hiyo. Sheria yenyewe, basi, yaitambua safari fupi.

Kilichotupotea ni mahali. Mashamba ya Kisauni na Likoni walikokwenda wazee yamekatwa viwanja na kujengwa, na sehemu kubwa ya ufuo imezungushiwa kuta. Ndiyo sababu leo twawashauri wasomaji wetu wainue macho na kutazama mbali kidogo, Nakuru na nchi ya Bonde la Ufa iliyoizunguka.

Nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Misafara ya watu wa pwani ilipita Naivasha na Baringo kutafuta pembe za ndovu kabla ya reli kufikiriwa. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alizijua njia zile hata Joseph Thomson alipokwenda mwaka 1883 alifuatana na msafara wake. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, watu wetu walifika nayo. Kisha serikali ya kikoloni ikaitenga ardhi nzuri ya pande zile iwe ya masetla, na Mwafrika akawa hana nafasi huko ila ya kuajiriwa. Masetla hao ndio waliokuwa wakishuka Malindi kupumzika. Hivyo mapumziko yakaonekana kuwa ni haki ya watu fulani, na fikira hiyo tungali nayo.

Siku hizi safari ni nyepesi. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 humfikisha mtu Nairobi kwa saa tano au sita, na kutoka hapo hadi Nakuru ni kama kilomita 160 kwa matatu. Barabara ipitapo ukingoni mwa bonde, mlima Longonot huonekana umesimama peke yake chini, na hapo hata mtoto msumbufu hunyamaza.

Sisi tulifikia kwa jamaa katika mtaa wa Section 58, mjini Nakuru. Alfajiri maji ya udhu yalituuma vidole, kwani mji ule uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Lakini baada ya chai ya tangawizi, na jua lilipoanza kupiga, tulihisi vifua vimefunguka. Nyuma ya mji kuna shimo la Menengai, mlima wa moto wa kale uliodidimia, lenye kina cha karibu mita 500. Kando ya mji kuna Hyrax Hill, ambako watu wa zamani walichonga vishimo vya bao juu ya mwamba. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alichuchumaa akavihesabu, na siku hiyo hakusema tena kwamba bara hakuna ustaarabu.

Ziwa Nakuru nalo ni la kuonwa, ila msomaji asiende na picha za kalenda za zamani. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda sana, yakaua miti ya ukingoni na kulifunika lango kuu la zamani la mbuga. Heroe wengi wamehamia Ziwa Bogoria, upande wa kaskazini, ambako chemchemi za maji ya moto huruka kutoka ardhini. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, basi asisahau kitambulisho.

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza ni chakula, lakini Nakuru ina misikiti na Waislamu wake wa miaka mingi, na nyama halali haikosekani. Pili ni gharama. Hapo twaomba tusemezane kweli. Nyumba inayoweza kukodi viti, mahema na vipaza sauti kwa arusi ya siku tatu haiwezi kusema haina nauli ya watu watano. Wale wasionacho kabisa hatuwalaumu. Nao mandari yao yaweza kuwa chini ya mwembe wa jamaa Kwale au Rabai.

Lakini liko sharti moja. Ikiwa mama atafika Nakuru akashinda jikoni kama alivyoshinda Majengo, basi waliopumzika ni wengine, yeye amehamishwa tu. Siku mbili hizo wanaume na vijana na wakoleze moto, wapike, waoshe vyombo, naye akae juani atazame milima. Huenda hiyo ikawa ndiyo faida kubwa ya safari nzima, na huenda baba akarudi nayo nyumbani.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Likizo ya shule ijayo, funga mkeka na birika, upande bara.